Mkanda wa paka na misumari ya Majengo

Paka wa Pumwani ana kazi. Eneo hili lilitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae hapo, na ndilo kongwe zaidi kati ya mitaa ya aina hiyo iliyobaki. Ukiingia sehemu yake ya Majengo bado utakuta nyumba za mpango wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, bati juu. Soko la Gikomba liko hatua chache tu, na penye nafaka, samaki na mabaki ya mboga hapakosi panya. Paka anayewinda vizuri ni mali ya nyumba nzima, wapangaji na mwenye nyumba pamoja.

Paka huyo hafungiwi. Mchana yuko juu ya bati, usiku yuko kwa jirani, na mwenyewe hubaki na hofu mbili: kwamba mtu atamchukua akidhani hana mwenyewe, na kwamba akiumia mbali hapatakuwa na wa kumpigia simu. Hapo ndipo watu huanza kufikiria kumvisha mkanda wa shingo. Wazo ni jema. Swali la uchambuzi huu ni mkanda wa namna gani, uvaliwe vipi, na kama kuna paka ambaye ni heri asivishwe kabisa.

Tuanze na sehemu za kitu chenyewe. Mkanda una utepe, ambao huwa wa nailoni, ngozi au lastiki. Una kirekebishi, yaani kile kipande kinachoteleza ili kuufupisha au kuurefusha. Una pia kifungo, na hapa ndipo aina hutofautiana. Kuna bizimu, ile ya chuma yenye ulimi unaoingia tunduni kama ya mshipi wa suruali. Kuna klipu ya kawaida, ya plastiki, inayofunguka kwa kubanwa pande mbili kama ya begi la shule. Na kuna klipu ya kuachia. Kwa nje inafanana na ile ya kawaida, lakini meno yake yamechongwa yateleze yenyewe ikivutwa kwa nguvu ya kiasi fulani, bila mtu kuibana.

Mkanda wa mbwa umeundwa kwa sharti moja: usifunguke. Mbwa hufungwa mnyororo, huvutwa, huzuiwa asimrukie mgeni, kwa hiyo mkanda unaofunguka ni mkanda mbovu. Paka hatumiki hivyo. Hakuna anayemvuta paka kwa mnyororo kutoka Shauri Moyo hadi Kariokor. Mkanda wake una kazi moja tu, kueleza ni wa nani, na kazi hiyo haihitaji nguvu yoyote. Hata hivyo, mara nyingi mtu akikosa mkanda wa paka hununua wa mbwa mdogo kwa kuwa unamtosha shingoni, na hapo anakuwa amenunua sharti la mbwa pamoja na utepe.

Sasa tumfuate paka anakopita. Anapanda ukutani, anatembea kwenye ukingo wa bati lililokatwa, anapenya kati ya mbao zilizopigiliwa misumari ambayo ncha zake zimetokeza upande wa pili. Anapita chini ya seng'enge, kati ya kamba za kuanika nguo, karibu na nyaya zilizovutwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Katika majumba ya ghorofa upande wa mtaa wa California hali si tofauti sana, ila badala ya misumari kuna vyuma vya madirisha na vya roshani. Mwili wa paka umeumbwa upite humo: ni mwembamba, manyoya yake yanateleza, mabega yanajikunja. Kitu pekee juu yake kinachoweza kunaswa ni kile alichovishwa na binadamu.

Ajali zinazotokea ni za aina tatu. Ya kwanza ni kunaswa: mkanda unashikwa na msumari au tawi, paka anaruka au anateleza, anabaki akining'inia. Ya pili ni ya taya. Paka anapojilamba kifuani au anapojaribu kuuvua mkanda, taya la chini huingia ndani ya utepe na kukwama, mdomo ukabaki wazi. Akiwa nje peke yake, hali hiyo ni ya hatari.

Ya tatu hujulikana na wachache, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Paka hupitisha mguu wa mbele ndani ya mkanda, labda akijikuna, labda akijinasua. Mguu ukishapita, mkanda unakaa kama mkoba wa begani: upande mmoja shingoni, upande wa pili kwapani. Hauwezi kurudi. Kila hatua anayopiga, utepe unasugua ngozi laini ya kwapa. Siku chache tu zinatosha kuichana, na baada ya hapo utepe unaingia ndani ya nyama. Kwa kuwa kwapa husogea kila paka anapotembea, kidonda cha hapo hupona kwa taabu, na mara nyingi lazima kifanyiwe upasuaji. Paka aliyepotea kwa wiki mbili au tatu akirudi akichechemea, chunguza kwapa lake kabla ya kuchunguza wayo.

Ajali ya kwapa na ile ya taya zina chanzo kimoja: nafasi. Mguu hauwezi kupita penye mkanda ulioshika vizuri. Kwa hiyo ile desturi ya kuulegeza sana mkanda ili asikabwe, ambayo hutokana na huruma ya kweli, ndiyo inayofungua njia ya majeraha hayo. Mkanda uliobana mno nao hukwangua ngozi, huondoa manyoya na humsumbua anapomeza. Kipimo kinachotumika ni kidole: kati ya utepe na shingo kiingie kidole kimoja au viwili vilivyolala bapa, visizidi. Kipimo hicho kichukuliwe mara mbili. Paka anayevishwa hukaza shingo na kujikunyata, hivyo mkanda uliomtosha wakati huo huwa umelegea akishatulia. Mwache dakika chache ale kitu, kisha pima tena.

Kabla ya kununua, pima shingo kwa futi ya fundi cherehani, au kwa uzi ambao baadaye utaulaza kwenye rula. Shingo za paka wengi waliokomaa huangukia kati ya sentimita 20 na 30. Chagua utepe ambao kipimo chako kinaangukia katikati ya urefu wake unaorekebishika, si mwishoni, kwa sababu ncha ndefu inayobaki ikining'inia nayo hunaswa. Upana wa sentimita 1 unatosha. Chuma kisizidi kile kisichoepukika.

Kuhusu ajali ya kwanza, kunaswa, kipimo cha kidole hakisaidii kitu. Hata mkanda uliokaa vizuri kabisa unaweza kushikwa na msumari. Hapo kinachoamua ni kifungo. Bizimu haifunguki. Klipu ya kawaida haifunguki. Mkanda wa lastiki, ambao kwa miaka mingi umeuzwa kama wa usalama, hutanuka ili paka achomoe kichwa, lakini kabla haujatanuka kiasi cha kupitisha kichwa unakuwa umeshatanuka kiasi cha kupitisha mguu au taya. Zaidi ya hayo, lastiki iliyokaa juani kwa miezi hupoteza nguvu, na mkanda uliokuwa wa kadiri hugeuka kuwa mlegevu bila mwenyewe kutambua. Inabaki klipu ya kuachia, na swali ni inaachia kwa nguvu kiasi gani.

Hapa yafaa twende taratibu. Chukua kamba iliyofungwa kitanzi, itundike kwenye msumari, kisha ning'iniza mzigo wa kilo 4 chini yake. Uzito ule haubebwi na upande mmoja wa kamba. Pande mbili za kitanzi zinagawana, kila mmoja kilo 2 hivi. Mkanda wa paka aliyenaswa ni kitanzi cha namna hiyo hiyo: msumari juu, shingo chini, na klipu iko kwenye upande mmoja tu. Maana yake ni kwamba klipu inahisi takriban nusu ya uzito wa paka. Hii ndiyo sababu klipu inayofunguka vizuri unapoivuta kwa mikono miwili dukani inaweza kukataa kufunguka paka anaponing'inia. Mikono ya mtu mzima huvuta kwa nguvu nyingi kuliko anavyodhani.

Tuongeze jambo la pili. Paka aliyenaswa hupigapiga miguu, na kila mtikiso huongeza nguvu kwenye klipu. Hilo ni la kumsaidia. Lakini akichoka anatulia, na akitulia klipu inabaki na uzito wake tu. Pengine miguu yake ya nyuma inagusa bati, na bati linabeba sehemu ya uzito huo, kwa hiyo mkanda unahisi hata pungufu. Klipu ya kufaa, basi, ni ile inayofunguka kwa uzito ulio chini kabisa ya uzito wa paka, bila kusubiri mtikiso.

Jaribio lake halihitaji kifaa ambacho hakimo jikoni. Pakiti ya unga wa ugali ina kilo 2. Itie kwenye mfuko wa kitambaa wenye mikono. Pitisha mkanda kwenye mikono ya mfuko, ufunge klipu, kisha utundike kwenye msumari au kwenye kitasa cha mlango, klipu ikiwa ubavuni mwa kitanzi, isiwe juu kwenye msumari wala chini kwenye mfuko. Weka mto chini ili pakiti isipasuke. Achia mzigo polepole, usiudondoshe. Klipu ikifunguka, mkanda huo utamwachia paka yeyote anayezidi kilo 2, na paka wengi waliokomaa wana kilo 3 au 4, wakati mwingine zaidi. Klipu ikibaki imefungwa huku unga unaning'inia, mkanda huo ni wa kukataliwa, hata kama pakiti uliyotoka nayo imeandikwa kwamba ni salama. Kisha rudia kwa nusu kilo ya sukari. Hapo klipu inapaswa kushika, la sivyo itafunguka kila paka anapojikuna na utanunua mikanda kila wiki. Kati ya sukari na unga ndipo klipu nzuri ilipo.

Jaribio lirudiwe kila baada ya miezi michache. Klipu za plastiki huingia vumbi na mafuta, nyingine hulegea na nyingine hukwama.

Je, hatari hizi ni za mara kwa mara? Mwaka 2010 jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia paka 538 kwa miezi 6, wakiwa wamevishwa mikanda ya aina tatu: ya klipu ya kawaida, ya klipu ya kuachia na ya lastiki. Karibu asilimia 73 walikaa na mikanda yao hadi mwisho. Paka 18, yaani asilimia 3.3, walipatwa na mojawapo ya mikasa tuliyoitaja: mguu ndani ya mkanda, mkanda mdomoni, au mkanda kunaswa mahali. Takwimu hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Paka wengi huzoea mkanda. Na katika kila paka 30 hivi, mmoja hupatwa na mkasa, tena wakiwa wanafuatiliwa na watu makini. Hao walikuwa paka wa majumba ya Marekani, na mimi sioni kwa nini juu ya mabati ya Majengo hatari iwe ndogo zaidi.

Wasiwasi huu si wa watafiti wa leo pekee. Kwa wakazi wanaoswali katika msikiti wa Riyadha, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim si ngeni: Mtume (s.a.w.), akiwa safarini, alimtuma mjumbe atangaze kwamba kidani cha ugwe wa upinde kisiachwe shingoni mwa ngamia yeyote bila kukatwa. Wanazuoni walitofautiana kuhusu sababu. Imamu Malik aliona ni kwa ajili ya watu kuwavisha wanyama kwa kuogopa kijicho. Wengine walitaja kengele zilizokuwa zikitundikwa humo. Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alitaja sababu ya kimwili kabisa: ugwe usije ukamkaba mnyama anapokimbia. Hukumu yenyewe ni ya kuulizwa kwa masheikh. Ninachokiona hapa ni kwamba zaidi ya miaka 1,200 iliyopita mtu mwenye elimu alitazama uzi usiokatika ukiwa shingoni mwa mnyama, akafikia pale pale tulipofikishwa na pakiti ya unga. Watoto wanaomfunga paka utepe wa zawadi au kamba ya kiatu siku ya Idi wanamfunga ugwe ule ule, na waelezwe hivyo kwa upole.

Tuje kwenye kengele. Mikanda mingi ya paka huuzwa ikiwa na njuga ndogo, na huko inakotengenezwa lengo ni kuwaonya ndege. Tafiti za awali za Uingereza zilionyesha kwamba kengele hupunguza windo kwa theluthi moja au zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter uliotoka mwaka 2021 haukuona tofauti ya maana. Kwa nyumba ya Pumwani mjadala huo unaweza kuishia hapo, kwani mwenye nyumba hataki windo lipungue hata kidogo. Panya wa hekaya walitafuta wa kumfunga paka kengele wakamkosa. Hatuna sababu ya kuwafanyia kazi hiyo. Ing'oe. Pete inayobaki ing'oe pia, maana ukucha huingia humo.

Kuna mikanda ambayo si ya utambulisho bali ya dawa ya viroboto na kupe, na hii inataka tahadhari kubwa kuliko yote. Baadhi imetiwa pemethrini. Mbwa huihimili. Paka haihimili, kwa sababu ini lake ni dhaifu katika kuivunja sumu hiyo. Hutetemeka, hupata degedege na huweza kufa. Amitrazi, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua kama dawa ya kupe, nayo haimfai paka. Ukienda kwenye duka la dawa za mifugo usiulize dawa ya viroboto tu; sema ni ya paka, kisha usome jina la dawa wewe mwenyewe. Kilichoandikwa kwamba ni cha mbwa hakimfai paka hata kikikatwa nusu. Paka aliyekwisha kuvishwa na akaanza kutetemeka avuliwe mara moja, aoshwe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kuhusu namba ya simu, kibati kinachoning'inia kina kasoro ile ile ya pete. Afadhali namba iandikwe kwenye utepe wenyewe. Wino wa kalamu nene hufutika kwa mvua na kwa kujilamba, lakini fundi anayedarizi nembo za sare za shule anaweza kudarizi tarakimu 10 kwenye nailoni ya upana wa sentimita 1. Jina la paka halihitajiki. Jirani aliyempata hana haja ya kumwita. Ana haja ya kukupigia.

Vipi kuhusu mkanda wa ngozi uliotengenezwa hapa hapa? Mafundi wa Kariokor wanashona viatu vya ngozi na shanga vya kupendeza, na ukiwaomba mkanda wa paka watakutengenezea mzuri kuliko wa dukani. Tatizo ni kwamba fundi mzuri hushona kitu kisikatike, na bizimu atakayoweka itadumu kuliko paka. Anayetaka kazi yao amletee fundi klipu ya kuachia iliyotoka kwenye mkanda mwingine, au amwombe aache pengo dogo katika utepe na kuliunganisha kwa mishono michache ya uzi mwembamba wa pamba, uzi utakaokatika. Kisha jaribio ni lile lile, kilo 2 ukutani. Kwa kuwa uzi uliokatika haurudi, fundi ashone vipande viwili vya mfano kabla ya ule utakaovaliwa.

Paka mchanga ni suala jingine. Shingo yake hukua haraka, na mkanda uliomtosha mwezi uliopita unaweza kumbana mwezi huu. Ukisahaulika, ngozi huufunika. Uzito wake nao hautoshi kufungua klipu nyingi. Kilo moja na nusu haitafungua klipu inayosubiri kilo 2. Avishwe ndani ya nyumba tu, kwa muda, machoni pa mtu, ili azoee. Atolewe nje na mkanda akishazidi pakiti ya unga kwa uzito, na hata hapo shingo ipimwe kila wiki hadi aache kukua.

Baada ya hayo yote, maoni yangu ni haya. Paka aliyekomaa, anayetoka nje, mwenye mtu wa kumpapasa shingo na kwapa angalau mara moja kwa wiki, avishwe mkanda mwembamba wa nailoni wenye klipu ya kuachia iliyofaulu jaribio, usio na kengele wala kibati, namba ikiwa imedariziwa. Paka ambaye mkanda pekee unaopatikana kwake ni wa bizimu au wa klipu ya kawaida asivishwe. Kwake ni afadhali kumhasi, jambo linalopunguza kuzurura, na kuhakikisha majirani wanamjua kwa sura. Madaktari wa mifugo hufanya kazi hiyo, na Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama, KSPCA, kilichoko Karen, ni mahali pa kuuliza. Kumvisha mkanda usiofunguka kwa sababu ndio uliopo, hilo silikubali.

Na atakayechagua klipu ya kuachia anunue mikanda miwili tangu mwanzo, ampelekee fundi yote miwili adarizi namba. Siku moja paka atarudi shingo tupu, na mkanda wa kwanza utakuwa umebaki kwenye msumari fulani kati ya Majengo na Gikomba. Avishwe wa pili jioni hiyo hiyo, baada ya kupimwa kwa kidole.